Mtungi wa Kitanda cha Saba

Wa kwanza kumwambia muuguzi Mpole alikuwa Mama Ndoo, mfagizi wa wodi ya wanawake. Alimvuta nyuma ya pazia, mopu bado inachuruzika, akasema kwa sauti ya chini, "Sista Mpole, kitanda cha saba kinapumua."

"Si kuna mgonjwa pale, Mama? Ulitaka asipumue?"

"Sisemi mgonjwa, nasema kitanda. Nilikuwa napiga deki chini yake, nikasikia mapovu. Blu, blu, blu, kama kile kichupa cha maji cha mtungi wa oksijeni. Na mtungi haupo."

"Labda ni bomba la choo."

"Mwanangu, miaka kumi na tisa nazibua mabomba ya humu. Nayajua kwa sauti kama wanangu."

Mpole akacheka ili woga wake usionekane. Lakini mapovu yale aliyajua.

Siku tisa nyuma kitanda kile kilikuwa cha mshonaji, mama mtu mzima mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano, aliyeletwa na homa ya mapafu. Mtungi ulikuwa mmoja kwa wodi nzima. Saa saba mchana msimamizi wa wodi akaja na amri: mtungi uende chumba cha wakubwa, shemeji wa mkurugenzi anakohoa. Mpole alisema, "Lakini huyu," na maneno yakamfia mdomoni. Hawakumwita Mpole bure. Akausukuma mtungi kwa mikono yake mwenyewe. Mshonaji alimshika aproni, kisha akaiachia polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Saa nane alikuwa amekata roho.

"Andika oksijeni inaendelea," msimamizi alimwambia. "Ukiandika vingine, leseni sahau, na wanao utawalisha maneno."

Mpole akaandika. Na kwa haraka ya kutaka kuliona faili limefunikwa, akafanya kosa ambalo muuguzi yeyote angeliona. Kilichoandikwa kuwa kinaendelea lazima kifungwe, kwa saa na kwa sahihi, kwamba sasa kimesimamishwa. Yeye hakufunga.

Sasa wageni walikuwa wametoka, jua liko utosini, wodi nzima imesinzia. Kwenye kitanda cha saba alilala mama kijana, mwenye kichanga cha wiki tatu nyumbani, kifua kimembana kidogo tu. Mpole alimbana kipimo cha oksijeni kidoleni. Asubuhi kilisoma tisini na saba. Sasa kilisoma themanini na tatu.

"Sista," mama kijana alinong'ona, "kuna mtu ananivuta pumzi."

Ikaja harufu ya mpira wa bomba uliolala na maji. Kisha yakaja mapovu.

Mpole alikwenda kwenye kabati, akatoa faili la mshonaji, akalifungua pale pale miguuni pa kitanda. Chini ya mstari wake wa mwisho palikuwa na mistari mingine. Saa tisa, oksijeni inaendelea. Saa kumi, oksijeni inaendelea. Siku tisa za marehemu, saa kwa saa, zimejaa mpaka pembezoni, zimegeuka nyuma ya karatasi, na mwandiko ulikuwa wake, ile herufi yake ya k yenye mguu mrefu aliyoipata tangu darasa la pili, na mstari wa mwisho ulikuwa wa saa ile ile aliyosimama pale, wino haujakauka, na alipoinua macho akaona shuka la kitanda cha saba limebonyea kando ya miguu ya mgonjwa, limebonyea kama chini ya mtu mzito aliyekaa kumsubiri amalize kusoma.

"Dada," sauti ikasema kwa upole, ndani ya mapovu, "mbona unahangaika? Uliandika inaendelea, nami naiendeleza. Naitoa wapi kama si kwa aliyelala hapa? Huyu akiisha ataletwa mwingine. Wewe nyamaza tu. Kunyamaza unakuweza."

Kipimo kilisoma sabini na tisa.

Mpole alirudi nyuma hatua moja. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na kitu kingine kinapanda, kikali, na kilipofika kooni akakitambua kuwa ni hasira.

"Mama Ndoo," akaita, "kalete mtungi chumba cha wakubwa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yangu."

Mama Ndoo alimtazama, akaegemeza mopu ukutani, akaenda.

Mpole akashika kalamu. Kitu baridi kikamshika kifundo cha mkono, kikausukuma kuelekea neno lile la kila saa. "Nilikuita mimi," akasema, "basi nakufukuza mimi." Akabonyeza mpaka karatasi ikachanika kidogo, akaandika: *Oksijeni iliondolewa saa saba mchana, mgonjwa akiwa anaihitaji, kwa amri ya msimamizi, kwa mikono yangu. Imesimamishwa.* Akatia sahihi.

Shuka likanyooka lenyewe.

Mama Ndoo aliingia akisukuma mtungi. "Bwana mkubwa alikuwa ameutundikia shati," akasema. "Nimemkunjia vizuri."

Mpaka jioni kipimo kilikuwa tisini na nne. Lakini msimamizi naye alikuwa amefika, amelisoma faili, akaichomoa karatasi, akaikunja na kuitia mfuko wa koti lake.

"Hakuna kilichoandikwa," alisema. "Tumeelewana, Mpole?"

"Hapana. Ichane kabisa ukitaka. Mdomo hauchaniki."

Asubuhi yake, saa moja, zamu mbili zilikutana kwa makabidhiano kama kila siku, zikipita kitanda kwa kitanda, muuguzi wa usiku akisoma kwa sauti. Msimamizi alisimama kati yao, mikono mfukoni. Walipofika cha saba, mama kijana akiwa amekaa anakunywa maji, Mpole akasema, "Samahani. Hapa kuna ripoti ya siku kumi haijatolewa."

Akaitoa yote. Mshonaji, mtungi, amri, mikono yake mwenyewe, uongo wake. Akasema pia kwamba wakitoka hapo ataenda kwa binti wa marehemu, amwambie vile vile.

Ndipo kila mtu akasikia, kutoka mfuko wa koti la msimamizi, blu, blu, blu. Msimamizi akapeleka mkono kooni.

"Itoe karatasi mfukoni, uirudishe kwenye faili," Mpole alimwambia. "Mwenzio imenipa shida siku tisa."

Akavuta pazia, akaenda kusimama kitanda cha nane.

"Tuendelee," akasema.