Kufuli Lisilo na Mlango

"Mathe, nimekwambia hii ni ya msumeno. Niikate, uende nyumbani."

"Ukiikata umenimalizia mtoto!"

"Kufuli na mtoto wapi na wapi? Na sitaki mambo ya majini hapa kwangu. Sisi ni watu wa kanisa."

"Hata mimi ni wa kanisa, mzee. Nimeomba mpaka koo likakauka."

Valarie aliacha kuchonga ufunguo akainua macho. Mwanamke aliyekuwa akibishana na baba yake, fundi Makhanu, alikuwa ametoka Mau Narok asubuhi, gambuti zake bado zina matope ya shamba. Aliitwa Jerotich. Ubavuni mwake alisimama mwanawe mdogo, Kibii, mdomo umeachama kama mtu anayengoja chafya isiyokuja. Juu ya meza lilikaa kufuli la kizamani, zito, la aina ile ya mabohari. Lilikuwa limefungwa, lakini halikufunga kitu: si mnyororo, si mlango. Siku hiyo jua lilikuwa linachoma mabati ya mtaa mzima wa Rhonda, lakini kufuli lile lilikuwa limelowa jasho.

"Baba mkwe alilitundika kwenye stoo ya ngano," Jerotich alisema, sauti chini. "Alikataza lisiguswe. Tulipomzika, huyu akalitoa kwenye msumari, akaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo akasema jina lake mwenyewe, vile watoto husemea ndani ya chupa. Tangu hapo hajatoa neno. Mama mmoja anayeombea watu ameniambia sauti yake imo humo. Lifunguliwe bila kuumizwa, sauti itoke, halafu lifungwe haraka, maana si yeye peke yake aliye ndani. Likivunjwa hakuna pa kukirudisha hicho kingine. Na mtu asilitajie jina. Jina lolote."

Makhanu alichukua mfuko wake wa vyombo. Kulikuwa na mtu mtaa wa Kaptembwo aliyejifungia nje ya nyumba yake. "Vale, wewe na huruma yako," alisema. "Haya, jaribu. Lakini nikirudi nisiikute hiyo takataka hapa." Akaondoka.

Valarie alikuwa ameacha shule kidato cha pili, mama yake, Nasimiyu, alipofariki, akaingia kibandani kumsaidia baba. Nyuma ya pazia ndiko walikoishi, na huko mdogo wake Emmy alikuwa akimwimbia mwanasesere wa matambara. Valarie alivuta taa karibu, akaingiza waya mwembamba katika tundu. Ndani ya kufuli la namna ile kuna visahani vya shaba vilivyopangwa kama sarafu, na kila kimoja lazima kizungushwe hadi kikae mahali pake. Alivisikiliza kwa vidole. Mwishowe upinde wa chuma uliruka.

Harufu ikatoka, ya pumzi ya mtu aliyelala siku nyingi bila kuamka.

"Mama, njaa," Kibii alisema.

Jerotich alimkumbatia akilia, kisha akageuka kwa ukali. "Funga! Funga sasa!"

Valarie alibana. Upinde uligoma. Alibana tena kwa uzito wa mwili wote. "Haishiki, mama. Imejaa kutu ndani. Lazima niifungue yote, niisafishe, niirudishe."

Jerotich alimtazama kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikishika moto. Alimfunika mtoto mdomo kwa kiganja, akatoka mbio bila kuaga.

Kufuli la aina hiyo lina skrubu iliyofichwa ndani ya shimo la upinde, nayo haionekani mpaka liwe wazi. Valarie aliidondoshea mafuta, akasubiri yapenye, akaizungusha polepole ili asiache hata mkwaruzo. Visahani vikateleza nje. Vilifanana kama mapacha, na kimoja kikibadilishana nafasi na mwenzake, kufuli limekufa. Ndiyo maana Makhanu alikuwa na mtindo wake: kila kisahani hupewa jina la mtu wa nyumbani, hutamkwa, kisha hutiwa kwenye spoku ya baiskeli kwa mpango. Anayefanya kazi tu ndiye hajitaji. Valarie alikuwa ameurudia mtindo huo mara nyingi hata mdomo ulikwenda wenyewe pamoja na vidole.

"Baba," alinong'ona, akakitia. "Mama. Emmy."

Nyuma yake mtu alikohoa kikohozi cha Makhanu. Kisha, karibu kabisa na sikio lake, kwa sauti aliyoizika pale makaburini akiwa na sare ya shule, mtu akasema, "Nipo, Vale."

Nyuma ya pazia wimbo ulikatika. Emmy alitokea ameshika koo, midomo inacheza, hakuna kitu kinachotoka, na wimbo wake ukaendelea chini ya meza, neno kwa neno, katika sauti yake mwenyewe, na Valarie akaelewa alichofanya, akamwona pia akilini baba yake huko Kaptembwo akifungua mdomo mbele ya mteja na mdomo ukibaki mtupu.

Wa nyumbani asiyetajwa alikuwa mmoja tu, yeye mwenyewe.

Alivichomoa vile vitatu. Kisahani cha Mama kilikuwa na joto la mkono. "Usinifungie humo, Vale," sauti ilisema, na Valarie hakuweza. Alikitia mfukoni mwa aproni. Vile viwili vingine alivifumbata, akainama juu yavyo ili avipe jina jipya.

"Nyinyi ni Valarie," alisema. "Vala..." Mara ya pili jina lilitoka nusu, likakatika kama redio stima ikipotea.

Emmy akapiga chafya. "Vale, nilikuwa nimekabwa na nini?"

Valarie aligusa koo; sauti yake ilikuwa imeshaingia kwenye visahani. Alisafisha, akapaka mafuta, akarudisha kila kisahani isipokuwa kimoja, akakaza skrubu, akabana. Kufuli likalia taratibu, likafunga. Lilikuwa kavu. Emmy alirudi nyuma ya pazia akiimba, na Valarie akafuta machozi, akaona bei hiyo ni ya haki.

Ndipo aproni yake ilipoanza kulowa mfukoni.

Mlango wa nyuma uligongwa, chini, kwa ncha ya mguu, vile Nasimiyu alivyokuwa akigonga jioni zote akirudi sokoni. Nyayo za Emmy zilikimbia. Valarie alifungua mdomo kupiga kelele, pasitoke kitu, akaangusha kiti, akararua pazia, akamkuta mdogo wake ameshashika komeo, uso umejaa kicheko.

"Emmy, nifungulie mwanangu, mikono yangu imejaa mboga."