Mgono Kwenye Kalvati

Kila asubuhi Domitila alipanda dungu katikati ya shamba lake la mpunga kufukuza ndege. Huko juu aliiona barabara mpya. Ilikuwa tuta refu la udongo mwekundu. Lilinyooka juu ya majani na maji, kisha likayeyuka kwenye ukungu upande wa Ifakara. Baraza la wilaya liliijenga kiangazi, likaweka chini yake kalvati la saruji la kupitishia maji, na wanavijiji walibeba udongo. Domitila naye alibeba, hata utosi ukachubuka.

Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa ndani ya mtumbwi, masika ya mwaka juzi, akafa kabla hawajafika hospitali ya Ifakara. Kwa hiyo Domitila hakuchoka kuitazama barabara ile. Mara nyingine alisinzia pale dunguni, akaota anatembea juu ya maji na miguu hailowi.

Mvua zikaanza. Siku moja aliona maji ya upande wa juu wa tuta yamepanda sana. Ya upande wa chini yalikuwa palepale. Akashuka, akachomeka kijiti ukingoni. Jua lilipofika utosini, kijiti kilikuwa kimezama.

Jioni mumewe, Dionisi, alirudi na kambale wanne wanene.

"Umewatoa wapi?"

"Kwenye kalvati. Nimeziba mdomo wake kwa uzio wa matete, nikaacha tundu moja tu, hapo nikatega mgono wangu wa kunasia samaki. Baraza limenijengea mtego wa saruji, mke wangu."

"Na maji yapite wapi?"

"Maji hayajawahi kukosa njia. Bandika chungu."

Kesho yake Domitila alimngoja barabarani mnyapara wa Baraza, Mzee Hermenegildi, aliyekagua tuta kwa baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama juani na hali hiyo?"

Domitila akamwonyesha mahali kijiti kilipozama. Mzee akaongozana naye mpaka kwenye kalvati, akavua viatu, akamwita Dionisi aliyekuwa mtumbwini.

"Ninyi Wandamba, mkiona tundu lenye maji mnaona kitoweo."

"Na ninyi Wapogoro wa milimani, mkiona maji mnavua viatu," Dionisi akajibu. Wakacheka.

Kisha mzee akasema polepole, "Tuta hili ni udongo. Maji yakipita chini, ndani ya kalvati, hayalidhuru. Ukiyazuia yatapanda. Yakipita juu, yatabeba udongo kidogo kidogo mpaka barabara ikatike. Hebu tazama uzio wako umenasa nini."

Dionisi akatazama. Ulikuwa umenasa nyasi, magugu na shina la mgomba. Maji yalibakiza shubiri moja tu kufika juu ya barabara.

"Lori la Ifakara linakuja Jumatatu," Domitila akasema. "Au utanipeleka kwa mtumbwi tena?"

Dionisi aliingia majini mpaka kifuani, akang'oa matete, moja baada ya jingine. Maji yakakoroma, yakapita.

"Kuvua hatukukatazi," mzee akamwambia. "Tega hatua hamsini chini ya hapa. Samaki watakufikia tu. Na kila mvua ikikatika, mje mzoe takataka mdomoni."

Tangu siku hiyo wanakijiji walishika zamu ya kusafisha kalvati. Zamu ya kwanza aliiomba Dionisi.

Jumatatu lori lilipita. Domitila aliketi mbele, maji yakimeremeta kulia na kushoto, mayungiyungi yamefunguka, na miguu yake ilikuwa mikavu kama katika ndoto yake.

Baada ya majuma matatu alirudi na mtoto wa kike, Balbina. Pale kwenye kalvati dereva alipunguza mwendo. Hatua hamsini chini yao, Dionisi alisimama mtumbwini akiinua mgono, akawaona, akausahau mikononi. Kambale wakaruka wakarudi majini.

Mtoto hakuamka. Alilala, na maji yakapita chini yake.