Nani Anachukua Kuponi za Jumapili?

Kila Jumatatu akitoka shule, Kendra Teague alitandaza kuponi za punguzo la bei kwenye meza ya jikoni na kushika mkasi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi hiyo alikabidhiwa na mama yake, Lorraine, mwanamke mwenye ajira mbili na miguu miwili tu. Mchana Lorraine aliwahudumia wagonjwa hospitalini, jioni alisafisha ofisi za watu. Katikati, siku ya Jumanne, alipata dakika arobaini za kununua chakula cha wiki nzima. Jumanne ndiyo siku ambayo duka la Bwana Delbert lilihesabu kila kuponi mara mbili, hivi kwamba kuponi ya senti hamsini ilikupunguzia dola nzima.

Kwa hiyo Kendra alikata kuponi, akatupa zilizopitwa na tarehe, kisha akazipanga kwa kufuata rafu za duka: nafaka, vyakula vya mikebe, sabuni, na mwisho maziwa. Mama yake aliingia na toroli, akapita mara moja, akatoka. Wiki ikiwa njema, walirudi na nyama ya kusaga ya siku tatu badala ya moja.

Kuponi zilikuja katika vijarida vya matangazo vinavyokunjwa ndani ya gazeti la Jumapili. Akina Teague hawakununua gazeti. Bibi Opal, mama yake Lorraine, aliishi nao, na kila Jumapili alirudi kutoka kanisani na vijarida vinne au vitano kwenye mkoba. Kendra alidhani wanawake wa kanisani ndio waliompa, wala hakuuliza. Anayepewa haulizi sana.

Majira yale ya kuchipua, watu wa mtaa wao huko Zanesville, Marekani, walianza kunung'unika. Pembeni ya duka la mashine za kufulia palikuwa na sanduku la magazeti. Unatumbukiza sarafu, mlango unafunguka, unachukua gazeti lako moja na kuufunga. Hakuna aliyekuangalia, na sanduku halikujua kuhesabu. Watu waliaminiana miaka nenda rudi. Sasa mtu alilipa, akafika nyumbani, akafungua gazeti na kukuta kijarida hakipo.

Siku moja Kendra alikuwa dukani kwa Bwana Delbert na rafiki yake Tamsin. Mbele yao kwenye foleni alisimama Bi. Vondrak, mstaafu aliyeishi peke yake. Toroli lake lilijaa hadi juu, na mkononi alikuwa na faili nene la kuponi.

"Hebu lione lile faili," Kendra alinong'ona. "Mtu mmoja anazitoa wapi zote zile?"

"Unataka kusema ni yeye?"

"Mimi sijasema kitu. Ila lisemwalo lipo."

"Mbona hakuna aliyesema?"

"Basi ndiyo nimesema mimi."

Tamsin hakuwa na kifuniko mdomoni. Alimwambia mama yake, mama yake akamwambia jirani, na haikupita wiki watu wakaacha kumsalimia Bi. Vondrak. Keshia alianza kuziinua kuponi zake kwenye mwanga, moja moja. Kendra aliyaona hayo, akajipongeza kimoyomoyo kwamba ana jicho kali.

Lakini vijarida viliendelea kupotea. Wateja waligombana kwenye foleni, huyu akimtazama yule kwa pembe ya jicho, mpaka Bwana Delbert akabandika tangazo mlangoni: mambo yakiendelea hivi, mwisho wa mwezi ataacha kuhesabu kuponi mara mbili.

Lorraine alilisoma tangazo mara mbili. "Wakifuta hii, ile nyama tuiage," alisema.

Kendra aliumia kumwona mama yake vile. Aliapa kumkamata Bi. Vondrak kwa macho yake mwenyewe.

Jumapili asubuhi alibeba mablanketi, akaaga kwamba anakwenda kufua. Aliyatia kwenye mashine, akakaa dirishani akilikodolea macho sanduku la magazeti. Alipita kijana na mbwa, akamshuku. Alipita mzee wa posta, naye akamshuku. Kila aliyekaribia sanduku alimwona ana sura ya mwizi.

Kisha akaja Bibi Opal na kofia yake ya kanisani. Alitumbukiza sarafu, akafungua mlango, akatoa magazeti matano na kuketi nayo kwenye benchi. Alichomoa kijarida katika kila gazeti, akaviweka vyote kwenye mkoba, kisha akayakunja magazeti vizuri na kuyarudisha. Hakujificha hata kidogo. Mtu alipopita alimwamkia na kumuuliza hali ya goti lake.

Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Kendra alitoka nje mablanketi yakiwa bado yanazunguka.

"Bibi, ni wewe?"

"Ni mimi nini? Na wewe mbona huna sweta?"

"Bibi, huo ni wizi."

"Wizi? Si umeniona nimelipa? Habari nimewaachia zote. Hata gazeti nililolipia nimewaachia. Nimechukua matangazo tu. Tangu lini mtu akauziwa tangazo?"

"Watu wananunua gazeti kwa sababu ya hayo matangazo."

"Basi ni wajinga."

"Na sisi tunaoyakata kila Jumatatu?"

Bibi Opal aliutazama mkoba wake kana kwamba si wake. "Mama yako anachoka sana," alisema taratibu. "Nilitaka nami niwe na msaada."

"Watu wanasema ni Bi. Vondrak."

"Nani kasema?"

Kendra alitazama viatu vyake. "Mimi ndiye niliyeanza."

"Kumbe tuko wawili," alisema Bibi Opal.

Kendra alikaa kando yake. Njia rahisi ilikuwepo. Bibi angeacha, vijarida vingerudi, Bwana Delbert angeondoa tangazo lake, na nyama isingepungua. Lakini mtaa mzima ungesema Bi. Vondrak ameogopa ndiyo maana ameacha. Kendra aliona aibu kwamba wazo hilo lilimpendeza, japo kwa dakika moja.

Jioni walimweleza Lorraine. Hakufoka. Alisema, "Jumanne tunakwenda wote watatu."

Jumanne walimkuta Bi. Vondrak amesimama mbele ya keshia, akiulizwa kila kuponi ameitoa wapi. Bibi Opal alivua kofia.

"Muache huyo mama," alisema. "Vijarida nilichukua mimi."

Bwana Delbert aliposogea, Bibi Opal alimweleza kila kitu, na kwamba jana yake alimlipa msambazaji gharama ya magazeti yote aliyoyachomoa vijarida. Kendra naye alijikaza.

"Bi. Vondrak, mimi ndiye niliyesema ni wewe. Sikukuona ukichukua kitu. Niliona faili tu. Nisamehe."

Bi. Vondrak alilifungua faili juu ya kaunta. Lilikuwa na bahasha zenye majina ya watu. "Tuko wanane," alisema. "Kila mmoja ananunua gazeti lake, na kuponi asizozitaka anazileta kwangu. Kuponi za chakula cha mbwa nawapa wao, maana mimi sina mbwa, wao wana mbwa. Wao hawana paka, mimi ninao wawili. Leo nawanunulia wanne wasioweza kutoka nyumbani. Mngeuliza, ningewaambia."

Lorraine aliuliza kwa sauti ndogo kama kuna nafasi ya mtu wa tisa.

"Ipo. Mradi alipie gazeti lake."

Bwana Delbert aliliondoa tangazo mlangoni. Lakini dakika arobaini zilikuwa zimekwisha bila hata mkebe mmoja kuingia kwenye toroli, na wiki ile akina Teague walikula viazi na maharage. Hakuna aliyelalamika.

Kabla hawajaondoka, Bi. Vondrak alimwita Kendra kando.

"Msamaha wako nimeupokea, mwanangu. Ila sikiliza. Kuponi ina tarehe ya kuisha, jina baya halina. Kumshuku mtu si kosa. Kosa ni kulisambaza shaka lako kabla hujauliza. Neno lako limeingia nyumba ngapi?"

Kendra alihesabu kichwani. "Kama kumi hivi."

"Basi lifuate nyumba kwa nyumba. Wewe mwenyewe, kwa mdomo uleule."

Kendra alimtazama mama yake, na Lorraine akatikisa kichwa kukubali. Kendra alianza na nyumba ya akina Tamsin.