Aliyekalia Kiti cha Cheche

Wivu wa Cheche, yule fundi wa kuchomelea mageti, ungeyeyusha chuma bila umeme. Siku ya kusafiri kwenda kwa kaka yake, tiketi ya kwenda na kurudi, alishafika uwanja wa ndege, kadi ya kupandia mkononi, moyo ukamwambia: sasa hivi mkeo anajipaka manukato! Akageuka mbio. Kadi ikamponyoka, hakuiokota. Ndege ikaondoka.

Nyumbani hakuingia. Alijificha kwenye karakana yake ng'ambo ya barabara, akatoboa bati, akachungulia siku tatu bila kupepesa. Mjusi mwenyewe angeomba mapumziko! Kosa hakuliona. Ila kila saa nane mchana simu ya mkewe inalia, na mwanamke anacheka kicheko ambacho Cheche hajakisikia tangu harusi.

Siku ya nne akavamia.

"Unacheka na nani wewe?"

Simu ikamdondoka mkewe. "Na... na wewe! Si uko kwa kaka yako?"

Kutoka sakafuni ikajibu sauti ya Cheche mwenyewe, mpaka kile kikohozi chake cha moshi: "Mke wangu, nani huyo anakufokea?"

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Cheche huyo, ofisi ya ndege. "Dada, mimi sikusafiri! Futa tiketi ya kurudi."

"Baba, ungekosa ndege ya kwenda, ya kurudi ingejifuta yenyewe. Yako iko hai. Kiti kilikaliwa. Ijumaa mchana unarudi."

"Kakikalia nani?"

Dada wa tiketi akamshangaa. "Si wewe?"

Ijumaa Cheche alichomelea geti lake kwa ndani, nondo juu ya nondo, geti ambalo kifaru angeligonga akaomba radhi, wakakaa sebuleni yeye na mkewe wakisikiliza, jua linawaka nje lakini ndani kunazizima, mbwa wa mtaa wananyamaza mmoja mmoja, na magurudumu ya begi yanaburuzwa barabarani, krr, krr, taratibu, yanakuja, ile harufu ya nywele ikitangulia kupita chini ya mlango, mpaka yakasimama getini.

"Mke wangu, nimerudi. Nifungulie."

"Usijibu," Cheche akanong'ona. "Jini huyo."

Mwanamke akapaza sauti. "Mmoja wenu ni mume wangu. Nawauliza wote: siku ile ya safari, mimi nilishinda nikifanya nini?"

Cheche akawahi, kifua mbele. "Ulifua mashuka, ukashona gauni la kijani, ukaenda dukani mara mbili! Nilikuona kwenye tundu la bati!"

Halafu kule getini: "Sijui, mke wangu. Sikuwepo. Nilikuamini tu."

Mwanamke akafuta machozi, akainuka.

"Nenda," Cheche akacheka kwa hofu. "Nimelichomelea mimi hilo!"

Mwanamke akalifikia geti, akaligusa kwa kidole. Nondo zikafumuka moja moja, kama mshono mbovu.

Siku hizi Cheche analala karakana. Mganga alimleta yeye mwenyewe, bingwa wa mabingwa, aliyewahi kutoa majini arobaini kabla ya chai. Mganga akasimama katikati ya barabara, akanusa huku, akanusa kule, akachanganyikiwa.

"Mama," akamwita mwanamke, "nimtoe yupi?"

Nyuma yake yule mume wa begi akatabasamu, mkono begani kwake. Mwanamke akanyoosha kidole ng'ambo, moja kwa moja kwenye tundu la bati, ambako jicho lilikuwa linachungulia.