Misalaba Minne ya Liru

Haya yalimpata rafiki yangu Latifu, mchora ramani wa Koboko, mtu asiyejua kutania. Mama mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo chini ya mlima Liru alimuuliza, "Umeomba mlima ruhusa?"

"Mimi iko na barua ya wilaya, mama."

Akapanda, akachora misalaba minne ya chokaa kwenye pembe za kilele, ili droni yake iione kutoka juu.

Ukungu ukaziba njia zote za kushuka. Latifu akakaa katikati, akarusha droni. Kwenye picha ya kwanza misalaba ilikuwa imemsogelea. Kwenye ya pili ilikuwa hatua tatu tu kutoka alipokaa. Kitu kikakwaruza jiwe. Picha ya tatu ilionyesha misalaba mitatu.

Kisha akahisi brashi yenye chokaa baridi ikimpita mgongoni, juu kwenda chini, halafu kushoto kwenda kulia.