Jina la Kumi na Moja

Chafya ya kwanza ilisikika saa nne asubuhi, maktabani, ambako hakukuwa na mtu ila Madam Chepkurui na Gachanja. Na si wao waliopiga.

Walikuwa wakiingiza kwenye kompyuta utafiti wa mila uliofanywa na wanafunzi wa zamani wa shule yao, huko Boito, ili shule zote za kaunti ziusome. Daftari moja la mwaka 1988 lilikuwa limeandikwa kwa penseli na skana haikuona kitu, kwa hivyo Gachanja, fundi wa kompyuta, akawa anasoma kwa sauti, naye Chepkurui anachapa. Yalikuwa majina ya marehemu wa ukoo mmoja, yale ambayo akina mama humwitia mtoto aliyezaliwa mpaka apige chafya, wajue ni nani amerudi. Gachanja, ambaye kwao ni Nyeri na hakuijua mila hiyo, aliyasoma kama anaita rejista. Alipofika la kumi na moja, ndipo ilipokuja ile chafya, pamoja na harufu ya moshi uliopoa.

"Umesoma nini?" Chepkurui alinong'ona, mkono tumboni. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

"Taprandich. Halafu hapa chini imeandikwa, hili haliitwi."

"Na ukaliita."

"Si wewe uliniambia nisome yote, Madam?"

Ni kweli alimwambia, na hilo ndilo lililomuuma. Ukoo wenyewe ulikuwa wa mumewe. Ukurasa wa pili ulisema watoto watatu waliwahi kupewa jina hilo na hakuna aliyefikisha mwaka.

Tangu siku hiyo ile harufu ilimfuata, ikamngoja jikoni asubuhi akichemsha maziwa, ikapita naye kati ya mistari ya majani chai ambako hakuna aliyewasha moto, hata kanisani ikakaa karibu naye kwenye benchi, mpaka akamlazimisha Gachanja afute lile faili. Ikaisha. Chepkurui akalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Mtoto wa kike akazaliwa. Wao ni watu wa kanisa, lakini mchana huo Kogo Chepkemboi, nyanya wa mumewe, alifunga mlango, akampakata mtoto na kuita majina kumi. Mtoto akamtazama tu.

"Kogo, lile lingine usiite."

"Mimi? Afadhali nife."

Hakuna aliyelitaja, lakini harufu ya moshi uliopoa ilijaa chumbani, na mtoto akapiga chafya. Kogo alimrudisha haraka kwa mamake, akapangusa mikono kwenye leso. Simu ikalia.

"Pole kukusumbua, Madam," alisema Gachanja. "Ile faili nilifuta kwa mashini yetu, lakini nakala zilikuwa zimeshatumwa. Mwalimu wa shule ya Sigor amenipigia sasa hivi, ameogopa. Anasema wanafunzi walikuwa wanasoma yale majina kwa sauti, kukasikika chafya darasani."

"Zimetumwa shule ngapi?"

"Zote."

Chepkurui alimkumbatia mwanawe kwa nguvu, na mtoto akapiga chafya tena.