Aliyekuwa Akimsuka Demetria

Yaliyompata Apolonia yalianza Jumapili asubuhi, kabla ya misa, alipokuwa akimfumua mwanawe nywele. Demetria alikuwa na miaka minane, mtoto wa kupiga kelele chanuo likigusa tu kisogo. Asubuhi hiyo msuko mmoja ulibaki mkononi mwa mama yake, mzima na mizizi yake, na mtoto hakusema hata "aii". Aliendelea kula andazi. Pale ulipotoka pakabaki duara, kubwa kama kizibo cha soda, laini, linang'aa, kana kwamba hapajawahi kuota unywele.

Apolonia alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kule Chanika, na wanawake walitoka mpaka Buyuni kuja kusukwa naye. Alivijua vichwa vya watu kama mkulima anavyolijua shamba lake. Duara lile hakulijua.

Baada ya wiki tatu yakawa matano. Mumewe, Gozbert, mwalimu wa sekondari, akaomba ruhusa, wakampeleka mtoto hospitali. Daktari, mwanamke mpole, alikigeuzageuza kile kichwa kwenye mwanga.

"Si mapunye, wala hayamwambukizi mtu," akasema. "Ni kinga ya mwili wake mwenyewe. Badala ya kupigana na maradhi, inaishambulia mizizi ya nywele, inadhani ni adui. Si kosa lake wala lenu. Nitawapa dawa ya kupaka. Nywele zinaweza kuota, zikadondoka tena. Hilo siwafichi."

Gozbert akashusha pumzi. Apolonia hakushusha. Alikuwa akiwawaza wateja.

Na kweli. Filomena, mteja wake wa miaka mingi, alimwona Demetria akipita na ndoo, akavuta khanga akafunika kichwa chake.

"Mama Deme, usichukie," akanong'ona. "Hilo chanuo umelichemsha?"

Wiki ile viti viwili vilishinda vitupu.

Basi Apolonia akafanya jambo ambalo baadaye alililia kuliko yote. Alimfumia mtoto kofia ya uzi, akamwambia akitoka shule apitie mlango wa uani, akae chumba cha nyuma mpaka wateja waishe. Dawa ya daktari akampa ajipake mwenyewe. Hakumchukia mwanawe, hasha. Ila kila vidole vyake vilipoikaribia ngozi ile tupu vilisita, vikarudi. Mikono iliyoshika vichwa vya watu kutwa ikawa haigusi kichwa kimoja tu. Demetria aliona.

Siku moja, saa tisa alasiri, jua linachoma mpaka mabati yanalia, Apolonia alikuwa akimsuka mteja mtindo wa twende kilioni aliposikia sauti kutoka chumba cha nyuma. Kwaruu. Kwaruu. Chanuo lilikuwa linapita kwenye nywele nyingi, nzito, kavu. Akajisemea, mtoto anamchana mdoli wake. Kisha akakumbuka kwamba Demetria hana mdoli.

Ikafuata harufu ya mawaridi yaliyooza, imechanganyika na udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

"Mafuta gani hayo?" mteja akauliza, akiziba pua.

Apolonia akauachia msuko. Alikwenda nyuma, akausukuma mlango taratibu.

Demetria alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevua kofia, kichwa amekiinamisha upande, macho yamelegea kwa raha, kama akaavyo mtoto katikati ya magoti ya msusi. Mgongo wake ulikuwa umeegemea. Nyuma yake hapakuwa na mtu, wala kiti, wala ukuta.

"Deme!"

Mtoto akashtuka, akaanguka chali kama aliyeondolewa kiti.

"Ulikuwa na nani?"

"Na dada mmoja. Ananisukaga."

"Anakusuka nini, mwanangu, wakati..."

"Nywele sina, najua. Yeye hajali. Mikono yake haina haraka, mama."

Apolonia akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani. Juu ya ngozi tupu, pasipokuwa na hata unywele mmoja, zilikuwa zimechorwa njia za kusukia, nyembamba, zimenyooka kutoka kwenye paji hadi kisogoni, safi kuliko alizowahi kuchora yeye.

Magharibi ilipoingia alimsimulia mumewe kwa sauti ya chini. Alitegemea atacheka. Gozbert akaweka kikombe chini.

"Jumamosi nilisikia anaimbiwa," akasema. "Nilidhani ni wewe. Nikafurahi. Nikasema afadhali, mke wangu kamrudia mtoto."

Maneno hayo yalimchoma Apolonia kuliko hofu yenyewe.

Alhamisi iliyofuata nywele za mwisho zilidondoka, nyusi nazo zikafuata. Alasiri hiyo chanuo likaanza tena, na wimbo, na ile harufu, na katikati ya hayo Apolonia akasikia mwanawe anacheka, kicheko ambacho hakijasikika nyumba ile kwa miezi miwili, na chini ya kicheko hicho, kingine, cha mtu mzima, kinakwenda nacho sambamba, akakimbia, akausukuma mlango usiokuwa na kitasa nao ukasukumwa kutoka ndani, polepole, kama mtu anauegemea kwa mgongo, na kwenye upenyo akaona nywele, nyeusi, ndefu, zimemmwagikia Demetria mabegani mpaka sakafuni, nywele ambazo hazikuwa zake, na vidole, virefu, vyenye pingili nyingi kuliko vya binadamu, vinazisokota na kuzishonea kwenye ile ngozi tupu, taratibu, kwa huruma, kama mama.

Alitoka mbio na chanuo mkononi mpaka kwa jirani yao Bi Hamida, mjane wa Kizaramo aliyekuwa akiwasomea dua watoto wa mtaa wakipatwa na mambo yasiyojulikana. Bi kizee hakuuliza mengi. Alichukua tasbihi akamfuata.

Alisoma akiwa kizingitini, kwa utulivu. Mlango ukaachia. Demetria alikuwa ameketi vilevile, ameegemea hewa. Nywele zile hazikuwepo, na mtoto alikuwa amefumba macho.

"Mwache mtoto wa watu," Bi Hamida akasema.

Midomo ya Demetria ikafunguka. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima, imechoka.

"Nywele sikuzila mie. Zimedondoka kwa maradhi yake. Mie nimekuta kichwa kimetupwa, nikakiokota. Mwenyewe yuko wapi?"

Bi Hamida akageuka, akamtazama Apolonia.

"Linasema kweli. Kisomo kitalitikisa, hakitalitoa. Nenda kakae pale, mwanangu. Mshike mwanao kichwa."

"Bibi, lenyewe limekaa pale!"

"Ndiyo. Kakae hapohapo."

Apolonia alikwenda. Akakaa nyuma ya mwanawe, na baridi ikampanda kama aliyetumbukia kisimani. Akahisi magoti mengine ndani ya magoti yake. Akanyoosha mikono, na mikono mingine ikawa chini ya mikono yake, imelala juu ya kichwa cha mtoto, haitaki kubanduka. Akabonyeza mpaka akaifikia ngozi. Ilikuwa ya moto na laini, kama siku aliyomzaa.

"Nisamehe, Deme. Nisamehe mama yako."

Bi Hamida akapandisha kisomo. Vidole vya baridi vikaanza kutoka, kimoja kimoja. Harufu ikapungua, ikaisha. Ndipo Demetria akapiga ukelele.

"Usiende! Dada, usiende!"

Aliinyooshea mikono pembe tupu ya chumba, akalia mpaka sauti ikakauka. Apolonia alimkumbatia, akielewa vizuri mwanawe anamlilia nani: yule aliyempenda wakati mama yake anamwonea haya.

Kesho yake alimkalisha Demetria kwenye kiti cha mbele, bila kofia, akampaka dawa mbele ya wateja wote. Filomena aliinuka akaondoka. Wengine wakabaki. Ikawa hivyo kila siku, miezi mitano, mama anapaka, mtoto ametulia tuli, hasogei wala haegemei.

Jumamosi moja mchana, vidole vya Apolonia viligusa kitu nyuma ya sikio. Malaika ya nywele, meupe, laini kama ya kifaranga. Akarusha mikono juu.

"Baba Deme! Njoo! Njoo uone, zinaota!"

Aliporudisha mikono, Demetria alikuwa anamtazama kwenye kioo, machozi yanamtiririka.

"Mama, zikiota zote, utaacha kunishika?"

"Siachi! Nani kakwambia maneno hayo?"

"Dada."

Apolonia akakishika kile kichwa kwa viganja vyote viwili, akakibana kifuani pake.

"Alikwambia lini, mwanangu?" akanong'ona.

"Sasa hivi," Demetria akasema. "Ulipoinua mikono kumwita baba."